Mmoja apige, mmoja abebe: shajara ya gemu yetu ya Gazi

Januari 9

Shauri limekatwa. Gemu ni ya watu wawili. Si mmoja, si wanne. Kamera inakaa nyuma ya bega la mchezaji. Vita ni Vita Kuu ya 1914. Mmoja ni askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, mwenye bunduki ya Lee-Enfield na risasi kumi ndani yake. Wa pili ni mpagazi. Huyu hana silaha hata ya kufukuzia kunguru, ila risasi nyingine zote ziko kichwani mwake, ndani ya sanduku la mbao, na maji ya kunywa pia ni yeye ayabebaye. Askari akimaliza zake kumi bila mpagazi kuwa karibu, amebaki na gongo. Ndilo wazo lote hilo. Naliandika hapa juu kabisa ili siku nitakayoanza kutaka vifaru na helikopta mtu anionyeshe.

Tuko watatu. Mimi naandika msimbo usiku, mchana natengeneza simu Mwembe Tayari. Binamu yangu anachora maumbo kwa programu ya Blender. Wa tatu ni rafiki yetu wa sauti, ambaye mchana yuko bandarini Kilindini na usiku yuko kwetu akimaliza viazi karai vya watu. Injini, yaani programu ya kutengenezea gemu, ni Godot, kwa sababu haina malipo na kwa sababu inafunguka kwenye laptopu yangu bila kuigeuza pasi ya mkaa.

Januari 11

Binamu kauliza kwa nini mpagazi. Jibu ni refu kidogo.

Gemu za kushirikiana tumezicheza sana. Gears of War ya 2006 ilitufundisha kujibanza nyuma ya ukuta wawili wawili. Army of Two ya 2008 ilikuwa na hila nzuri: ukifyatua sana maadui wote wanakugeukia wewe, na mwenzako anapata nafasi ya kuwazunguka. Lakini ukichunguza, mwenzako humo ni bunduki ya pili tu. Akiondoka kwenda kuswali, kompyuta inashika nafasi yake na mambo yanaendelea. Helldivers 2, ya 2024, imekaribia zaidi ninachokitaka. Mna silaha nzito ambazo mwenzako anaweza kukujazia kutoka kwenye mkoba, na mkifanya hivyo kazi inakwenda mbio. Nilikaa usiku mzima kwenye kibanda cha gemu nikiwatazama vijana wakiicheza. Hakuna aliyejaza silaha ya mwenzake hata mara moja. Kila mtu mkoba wake, kila mtu anajijazia. Nikajiambia hapa ndipo pa kuchimba.

Halafu kuna ile sanamu ya askari wa Vita Kuu pale mjini. Nimeipita maisha yangu yote, kwa miguu, kwa tuktuk, kwa matatu, na juzi ndiyo mara ya kwanza nimesimama kuisoma. Maandishi yanawataja askari, kisha yanawataja wapagazi na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililotafunwa na midomo yetu mpaka likalainika. Mitaa miwili mikubwa inawabeba. Gemu sijaona.

Januari 24

Tumekwenda Gazi, kijiji cha pwani kusini mwa Mombasa.

Kila anayetaka kusimulia vita ile huku pwani anakimbilia Tanga, Novemba 1914, kwa sababu ya nyuki waliowatimua wanajeshi wa Uingereza. Nyuki ni watamu, sikatai. Lakini mwezi mmoja kabla, Oktoba, Wajerumani walipanda na pwani kutoka mpakani wakiutaka mji huu huu wa Mombasa, na wakazuiwa Gazi. Waliowazuia ni Keya pamoja na kikosi cha Waarabu kilichoandikishwa hapa Mombasa na Arthur Wavell, yule Mwingereza mwenye shamba la mkonge ambaye kabla ya hapo aliingia Makka kwa kujibadilisha sura. (Huyo peke yake ni gemu nzima, lakini rejea Januari 9.) Zaidi ya hayo, Gazi tunafika na kurudi siku moja, foleni ya Likoni ikiwa na huruma.

Kina mama wa Gazi wana daraja lao la mbao linalopenya ndani ya mikoko. Tumepita nalo maji yakiwa yamekupwa. Binamu kapiga picha mia nne za mizizi. Mkoko wenyewe unasimama kwa miguu iliyopinda kama pweza anayetembea. Mchu unatoa vimizizi vilivyochongoka vinavyotazama juu, elfu kwa elfu, kama mtu kapanda penseli. Ndani ya gemu vyote viwili ni balaa: cha kwanza kinaziba risasi na kamera, cha pili kinaficha maadui waliolala chini. Rafiki wa sauti kashusha maiki karibu na tope akarekodi dakika arobaini za kaa na vipovu. Nilidhani anapoteza muda. Nimezisikiliza usiku huu kwa spika za masikioni na nywele za shingoni zimesimama.

Mzee mmoja alikuwa ametukalia kitako akitutazama. Tukaamkia. Akauliza, "Wanangu, mwatafuta nini matopeni?" Nikamweleza: gemu ya kompyuta, vita vya Wajerumani, watu wanapita humu wakipigana. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na maji mumeyatia?"

"Maji gani, mzee?"

"Ya bahari. Saa hizi mwapita kwa miguu. Ngojani alasiri, muone kama mutapita."

Tumengoja. Saa kumi hivi, pale tulipokuwa tumesimama na viatu, palikuwa panapita mtumbwi.

Januari 25

Nimefuta saa iliyokuwa ikihesabu dakika juu ya skrini. Saa ya gemu sasa ni bahari. Misheni inaanza maji yamekupwa, na yanajaa kwa dakika 20. Siku za bamvua, maji makubwa, huku kwetu tofauti kati ya kupwa na kujaa inafika karibu mita 4, kwa hivyo sihitaji kutia chumvi. Na hapo hapo mpagazi kapata heshima ambayo sikuipanga: maji yakifika kifuani, aliye salama ni yule mwenye mzigo kichwani.

Februari 4

Kamera. Wiki nzima ni kamera.

Godot ina kitu kinachoitwa SpringArm3D, mkono unaoishikilia kamera nyuma ya mchezaji. Kitu kikiingia katikati, ukuta tuseme, mkono unajikunja na kamera inasogea karibu na kichwa ili usione ndani ya ukuta. Kwenye nyumba na mawe unafanya kazi vizuri. Ndani ya mikoko, kila hatua kuna mzizi, na kila mzizi mkono unajikunja na kukunjuka. Kucheza ilikuwa kama kupanda tuktuk kwenye barabara ya mashimo huku umefungwa kitambaa cha macho kinachofunguka na kufunga. Binamu kacheza dakika tatu akaenda kutapika. Alikuwa amekula, lakini bado.

Sasa mizizi haizuii kamera kabisa. Ikiingia kati inatoboka nukta nukta kama chekecheke na unaona mtu wako upande wa pili. Mashina manene tu ndiyo yanayozuia. Nimeweka pia kitufe cha kuhamisha kamera bega la kushoto, maana ukijibanza upande wa kulia wa mti na jicho liko kulia, unalindwa na mti usiouona na unamwona adui ambaye huwezi kumpiga.

Februari 8

Stima imepotea saa mbili usiku. Imerudi saa nane. Joto la kaskazi hili, hata feni hakuna. Hamna cha kuandika.

Februari 17

Leo nimemuua binamu yangu mara saba, na mara zote saba nilikuwa namlenga Mjerumani.

Ni ugonjwa wa kila gemu ya kamera ya begani. Jicho la mchezaji liko nyuma, juu kidogo, upande wa kulia. Mtutu uko mbele na chini. Alama ya kulengea iko katikati ya skrini, yaani ni ya kamera, si ya bunduki. Kwa hivyo jicho linaona njia nyeupe mpaka kifuani kwa adui, kumbe mtutu uko shubiri moja kutoka kisogo cha mpagazi aliyechutama mbele yako. Unafyatua, mtu wako anaanguka, na unaapa kwamba hukumgusa.

Dawa yake ni kutupa miale miwili, mistari isiyoonekana. Wa kwanza unatoka kwenye kamera, unapita kwenye alama, unagonga kitu, na unaandika ni wapi. Wa pili unatoka mtutuni kwenda mahali hapo hapo. Ukikutana na kitu njiani, alama inageuka msalaba mwekundu na mchezaji anajua amezibwa. Mistari kumi na minne tu ya msimbo.

Rafiki wa sauti alitaka risasi ipite ndani ya mpagazi bila kumdhuru, ili watu wasigombane. Gemu nyingi ndivyo zinavyofanya. Nimekataa. Risasi isiyomdhuru mwenzako inamgeuza kuwa hewa, na hewa hakuna anayeiuliza iko wapi. Nataka askari kabla ya kufyatua aseme kwa sauti, "Uko wapi?" Hilo swali ndilo gemu.

Machi 2

Moshi umenishinda, kisha nimeushinda.

Upande wa Wajerumani, askari wengi walikuwa bado na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi. Kila risasi ikitoka, wingu jeupe linasimama juu ya aliyefyatua. Keya alikuwa na baruti isiyo na moshi. Kwa mtengeneza gemu hii ni sadaka: sihitaji vishale vyekundu vya kuonyesha adui yuko wapi. Anajitangaza mwenyewe.

Tatizo ni kwamba nilitia chembe 300 za moshi kwa kila risasi. Maadui sita wakifyatua pamoja, laptopu ilishuka kutoka fremu 60 kwa sekunde mpaka 17, na feni ikalia kama jenereta ya arusi. Moshi unapenya nuru, basi kadi ya picha haiwezi kuuruka. Inapaka nukta ile ile ya skrini, inapaka tena juu yake, na tena, safu ishirini kwa wingu ambalo jicho linaona moja. Sasa kila wingu ni picha nane kubwa bapa zinazozunguka taratibu. Fremu 52. Na wingu ni zuri zaidi kuliko lile la chembe, jambo linaloniudhi kidogo.

Rafiki wa sauti, ambaye baba yake ni mvuvi, kautazama moshi ukikimbia akauliza, "Huu ni upepo gani?" Nikamwambia kusi. "Oktoba? Oktoba ni matlai, bwana. Upepo hauna haraka." Nimeupunguza. Moshi sasa unakaa sekunde tisa, unaning'inia kwenye matawi.

Machi 12

Ramadhani. Tunafanya kazi baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Mwenye kibanda cha gemu katuachia skrini moja usiku wa leo, tukapeleka vijana sita wacheze wawili wawili. Hawa ni watu wa kandanda, wanaifahamu kila timu ya Ulaya mpaka kipa wa akiba, kwa hivyo nilijua hawatanionea haya.

Hawakunionea.

Neno la kwanza, kabla hata picha ya kwanza haijafunguka: "Mimi sibebi." La pili, kutoka kwa mwenzake: "Nami sibebi." Wamepiga kura ya mkasi na karatasi. Aliyeshindwa kachukua pedi ya mpagazi kwa uso wa mtu aliyetumwa dukani mchezo ukiwa unaendelea. Dakika ya sita kaweka sanduku chini na kwenda kutazama kaa. Dakika ya nane askari kamaliza risasi, kamwita, hakuja, kauawa. Wakagombana kweli kweli. Mwenye kibanda kawaambia ni mwezi mtukufu.

Wanne wengine hivyo hivyo. Nimerudi nyumbani na mkate wa mofa mkononi, sikuula.

Machi 13

Nimetazama video za jana. Nimekaa nikihesabu vidole vya mpagazi. Kwa dakika kumi, amebonyeza kitufe cha kazi mara nne. Mara nne! Muda uliobaki anatembea nyuma ya mgongo wa mtu, na kwa kuwa kamera yake iko nyuma ya bega lake yeye, anachokiona ni mgongo wa askari na sanduku lake mwenyewe likiwa limeziba robo ya skrini. Nilijisifu kwamba nimempa heshima. Nilichompa ni foleni.

Kijana hakuwa mvivu. Mimi ndiye nilifikiri mzigo wenyewe unatosha.

Binamu kasema jambo ambalo sasa nimelibandika ukutani: "Mwenye kubeba ndiye anayejua njia." Kweli. Mtu mwenye kilo 25 kichwani, matopeni, hawezi kufuata tu. Kila hatua anaamua. Kwa hivyo tunageuza. Mpagazi ndiye atakayekuwa na mti wa kupimia tope, na yeye tu ndiye anayeona kina cha maji mbele. Akiweka mguu, mahali hapo panang'aa kidogo kwa askari. Anatangulia. Askari ndiye anayefuata na kulinda. Sanduku tunalisogeza juu zaidi ya picha ili lisizibe, na kwa kuwa kichwa chake hakiinami, upeo wake wa juu ni mpana: mawingu ya moshi yaliyo juu ya matawi anayaona yeye kabla ya askari aliyechutama.

Na kukabidhiana. Zamani ulibonyeza kitufe na klipu ya risasi tano ikaruka mkononi mwa askari kwa uchawi. Sasa kuna njia mbili. Mkono kwa mkono: wote wawili wabonyeze pamoja, wakiwa wamesimama, sekunde moja na robo ambayo hakuna anayeweza kujilinda. Au kutupa: ni haraka, unaweza kutupa ukiwa nyuma ya mti, lakini askari asipoidaka inatumbukia majini na imekwenda. Mpagazi ana klipu 24 kwa misheni nzima.

Aprili 6

Sanduku limezaa.

Wachezaji wawili wakiinama kulichukua sanduku kwa wakati mmoja, kila laptopu inaamini mtu wake ndiye aliyelishika. Matokeo: masanduku mawili, klipu 48, vicheko. Kijana mmoja kaligundua akafikisha masanduku manane na kuyapanga kama duka la jumla.

Laptopu moja tu sasa ndiyo yenye mamlaka juu ya vitu, ile ya aliyeanzisha mchezo. Nyingine inaomba. "Naomba sanduku." "Limechukuliwa." Basi. Nimetenganisha pia aina ya ujumbe. Mahali alipo mtu natuma mara 30 kwa sekunde bila kungoja risiti. Ukipotea mmoja, mwingine uko njiani. Klipu, sanduku na kifo lazima virudishiwe risiti.

Aprili 10

Jambo la kuchekesha kwa uchungu. Kebo za intaneti za Afrika Mashariki zinaingilia hapa kwetu. SEACOM na TEAMS zote mbili zilifika nchi kavu Mombasa mwaka 2009. Lakini seva ya bei nafuu tuliyokodi iko Frankfurt. Vijana wawili wa kibanda kimoja, ukuta mmoja kati yao, wanampiga Mjerumani kwa risasi inayokwenda kwanza Ujerumani na kurudi. Milisekunde 160 na zaidi. Kukabidhiana mkono kwa mkono kukawa kama watu wawili wanaopeana salamu kila mmoja akiwa na ndoto yake.

Tumeiacha seva. Walio chumba kimoja wanaunganishwa moja kwa moja kwa waifai ya pale pale, milisekunde 5. Walio mbali bado ni kazi: anayetumia bando la simu hana anwani yake mwenyewe ya intaneti, wamepangwa wengi nyuma ya anwani moja ya kampuni, na laptopu ya mwenzake haijui igonge mlango gani. Itabidi mtu wa kati. Sio mwezi huu.

Aprili 21

Masika yameanza, mabati hayaruhusu kurekodi, lakini sauti za mpagazi zimekamilika kabla ya mvua. Tumezirekodi kwa Kimvita, kwa sababu kijana wa Mombasa wa 1914 asingezungumza kama taarifa ya habari.

Leo kaja jamaa wa bara, mgeni wa mwenye kibanda, akakaa kiti cha askari. Vita vimekolea, moshi pande mbili, maji magotini. Mpagazi anapiga kelele, "Ndoo! Ndoo huku!" Jamaa anageuka kushoto, anageuka kulia, anazunguka mti. Anauawa. Anauliza kwa hasira ya kweli, "Sasa ndoo yenyewe iko wapi?"

Tumecheka mpaka mwenye kibanda katutoa nje. Mpagazi alikuwa akimwambia njoo. Na si kosa la jamaa: mtu huyo huyo ndiye anayebeba maji, hivyo ndoo ingekuwepo kihalali. Binamu anataka tubadilishe iwe "njoo". Mimi nataka ibaki "ndoo" na mpagazi apunge mkono anaposema. Rafiki wa sauti anataka tuweke ndoo.

Mkono unapungwa.

Mei 4

Kuna aliyeniambia risasi chache ni uchoyo wangu, kwamba jeshi la kweli lina risasi. Nikamwambia Jasini. Januari 1915, ngome ya Waingereza pale Jasini, karibu na Vanga, ilisalimu amri baada ya risasi kuwaishia. Na aliyeshinda, kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, alikuwa ametumia risasi karibu 200,000 siku zile mbili, akaona vita vya namna hiyo hatavimudu tena. Kuanzia hapo akageukia kuvizia reli na kukimbia. Klipu 24 si uchoyo.

Jasini itakuwa misheni ya pili, na huko ndiko ninakotaka bunduki ya rashasha ya Maxim. Ile ni kazi ya wawili kwa maumbile yake: mkanda wa kitambaa wenye risasi 250, mmoja anafyatua, mwingine anaushika usijikunje, na bomba lake la kupozea linanywa kama lita 4 za maji. Maji hayo yanatoka wapi? Kwenye mzigo wa mtu yule yule, na ni yale yale ambayo wangeyanywa. Sijaandika hata mstari mmoja wa Maxim bado. Nimechora tu kwenye karatasi ya kufungia bajia.

Mei 18

Jaribio la pili kibandani, vijana wale wale sita.

"Sibebi" bado imesemwa. Lakini safari hii imesemwa mara moja tu, na jozi mbili kati ya tatu zimemaliza misheni. Mpagazi sasa anabonyeza mara 71 kwa dakika kumi, nimehesabu tena. Yule wa kaa ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote, anatupa klipu kwa kupitisha juu ya tawi, na amemkataza askari wake kukimbia: "Ngoja nipime kwanza, utazama, mjinga wewe." Jozi ya tatu wamegombana kuliko Machi.

Ugomvi wao umeniletea swali. Askari akifa, mpagazi aokote bunduki? Nilisema hapana, mpagazi hakuwa na bunduki, ndiyo maana yake. Binamu kasema mtu hawezi kusimama karibu na bunduki na kufa ili tu gemu ipate maana. Tumekubaliana hivi: aokote, lakini mikono ni miwili, sanduku liende chini.

Kijana kajaribu hapo hapo. Kaliweka sanduku juu ya mizizi ya mkoko, kaokota Lee-Enfield, kapiga wawili. Risasi zikamwishia. Kageuka. Maji yalikuwa yamepanda, mizizi haionekani, na sanduku halipo. Akanitazama mimi, si skrini. "Halielei?"

Risasi hazielei.

Imebaki kasoro moja niliyoiona usiku huu nikicheza peke yangu kwa pedi mbili. Mpagazi akizama, mwili wake unafutwa kama inavyotakiwa, lakini sanduku lilikuwa limefungwa kwenye mfupa wa kichwa, na mfupa haufutiki. Linabaki hapo juu ya maji, limesimama hewani kwa urefu wa mtu, mawimbi yanapita chini yake. Ni mstari mmoja wa msimbo. Binamu kaniomba nisiufute kwanza, apige picha.